Kichwa cha Samaki Mezani pa Mama Ouma

Kila kijana anayefungua hoteli ya samaki hapa Nakuru siku hizi hunijia akitaka siri ya viungo. Mnakuja simu mkononi, tayari kunirekodi, mkidhani nitataja jani fulani lisilopatikana sokoni. Jibu langu mnalijua na bado mnanuna. Ni chumvi. Chumvi, mafuta yaliyopata moto sawasawa, na samaki aliyekuwa hai asubuhi. Hayo mengine mnayomwagia ni ya kuficha harufu.

Mimi nimekaanga samaki maisha yangu yote ya kazi, kule Kamere kando ya Ziwa Naivasha, katika hoteli ya mwanamke tuliyemwita Mama Ouma. Magoti yalipokataa kusimama mbele ya jiko nikaja huku kuishi na binti yangu. Leo nataka niwaambie kuhusu Jumapili moja ambayo Mama Ouma alimpikia baba wa msichana aliyetaka kuolewa na mwanawe, akaapa kwamba hataketi naye. Ndoa nzima ilining'inia hapo. Lakini mtanivumilia, sifiki huko mbio. Mtu asiyeijua hoteli ile hawezi kuelewa uzito wa kilichotokea mezani.

Mimi ni mtu wa Njoro. Kwetu tulilima viazi na njegere, na samaki tulimjua kwenye picha za kitabu cha shule. Nyanya yangu alimwita nyoka wa majini, na alitema mate kila alipomtaja. Nilikwenda Kamere kufuata kazi ya mashamba ya maua kama wanawake wengine, ngozi yangu ikakataa zile dawa, nikajikuta nimekaa kwenye jiwe nje ya hoteli sina mbele wala nyuma. Mama Ouma akatoka kumwaga maji, akaniona, akaniuliza kama najua kuparua magamba. Nikasema najua sana. Sikujua hata magamba huparuliwa kuanzia upande gani.

Yanaparuliwa kuanzia mkiani kwenda kichwani, ili kisu kiyanyanyue. Ukianzia kichwani utateleza mpaka jioni.

Samaki wangu wa kwanza nilimpasua nyongo. Nyongo ni kifuko kidogo cha kijani kilichojibana karibu na ini, na ukikitoboa mnofu wote unakuwa mchungu, uoshe utakavyoosha. Sikujua, nikakaanga, nikapeleka mezani. Fundi mmoja wa mitambo ya umeme ya Olkaria akala tonge la kwanza, akaweka la pili chini, akaja mpaka jikoni na buti zake.

"Mathe, hii samaki ilikuwa na malaria ama? Naona umeiweka dawa."

Hoteli nzima ilicheka, watu wakagonga meza. Mama Ouma hakucheka wala hakunifokea. Alichukua samaki mwingine, akanishika mkono kama mtoto anayefundishwa kuandika, akanionyesha. Kisu kinaingia kwenye tundu la nyuma, ncha ikiangalia juu, tumbo linafunguliwa juujuu tu, halafu kisu unaweka kando. Matumbo hutolewa kwa vidole, kwa sababu vidole vinasikia. Tangu siku ile sikupasua nyongo tena, na ninyi mnaotumia mikasi mtakuja kuniambia.

Alinifundisha pia samaki aina ya carp, yule mnene ambaye watu humkimbia kwa sababu ya miiba. Unamlaza ubavu, unamchanja kwa mikato iliyokaribiana sana, kisu kigonge uti lakini kisiukate. Ukisikia miiba midogo ikivunjika krr, krr, krr, ujue uko sawa. Mafuta yakiingia kwenye ile mikato miiba inakauka, na mteja anaitafuna bila habari. Wateja wengi waliniambia carp wa kwetu hakuwa na miiba. Alikuwa nayo yote, waliila.

Hoteli yenyewe ilikuwa ya mabati na mbao, na ilijaa kelele. Mafundi wa Olkaria walikuja weupe kwa vumbi. Wanawake wa maua walikuja na vidole vilivyokwaruzwa na waridi, wakiwa wameshikana mikono na kucheka tangu barabarani. Radio ilikuwa juu ya friji na kila mtu aliyepita aliibadilisha stesheni. Samaki wabichi walilala kwenye karai mlangoni na mteja alijichagulia mwenyewe, akimshika mkia, akimfungua mashavu kuona kama ndani ni pekundu, akibishana kama yuko mnadani.

"Mama, huyu ni wa leo kweli?"

"Muulize," Mama Ouma alikuwa akijibu. "Bado anakumbuka maji."

Halafu ziwa lilipofungwa ili samaki wazaane, ilibidi tununue wale wa kugandishwa wanaotoka mbali ndani ya makatoni. Mama Ouma aliwapika kwa huzuni, na kila mteja aliambiwa kabla hajaagiza kwamba leo samaki si wa ziwa letu. Siku hizi naona mnawatia wale wa katoni kwenye karai lenye maji, wanaelea pale kama wamevuliwa asubuhi, na mnanyamaza. Sitasema zaidi.

Sheria yake kubwa ilikuwa kuhusu kichwa. Katika hoteli ile samaki hakutoka jikoni bila kichwa, hata mteja aombe vipi. Jicho ndilo linalosema ukweli. Samaki mzuri jicho lake limejaa na linang'aa, na aliyelala jicho lake huzama na kuwa na ukungu. Ukiletewa samaki bila kichwa, alisema, jiulize mpishi anaficha nini. Zaidi ya hayo, kwao Nyanza kichwa ni cha mgeni anayeheshimiwa. Unamwekea mbele yake, kikimwangalia, na kwa kufanya hivyo umemwambia kila kitu bila hotuba. Siku moja walikuja watalii wakaomba wakatiwe vichwa. Aliwapa soda bure, akawaonyesha kwa adabu hoteli ya jirani.

Sasa nifike pale ninapochelewa kufika.

Mama Ouma hakuanzia Kamere. Alikuwa na hoteli mjini Naivasha, kubwa kuliko ile, na ilichomwa katika zile vurugu za baada ya uchaguzi, mwaka ambao wengi wenu mlikuwa bado mnabebwa mgongoni. Waliochoma walikuwa vijana wa kabila langu. Mumewe alipigwa siku ile, na alikufa kabla hawajafika kwao Nyanza. Mama Ouma alimzika, akakaa nyumbani kwa muda, kisha akarudi kwenye ziwa hili, kwa sababu samaki ndiyo kazi aliyoijua na alikuwa na kijana wa kusomesha.

Mimi alinichukua akijua mimi ni nani. Jina langu ni Nyambura, hakuna mahali pa kulificha. Niliwahi kumshukuru, nikajaribu kusema jambo kuhusu mwaka ule, akanikata.

"Sikukuchukua uwe ndugu yangu. Nilikuchukua ukaange."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Tulikula jikoni tumesimama, kila mtu na sahani yake, na nilimpenda mwanamke yule kuliko watu wengi wa damu yangu. Lakini hakuwahi kuniuliza siku zile nilikuwa wapi, na mimi kwa miaka yote nilingoja aniulize.

Kijana wake Ouma alisoma, akapata kazi kwenye mitambo ya mvuke Olkaria, na huko kwenye kula kwake samaki kwa mama yake akakutana na Wanjiru, msichana wa kufunga maua. Mama Ouma alimpenda Wanjiru. Alimwita aje jikoni, akamfundisha kuchanja carp, jambo ambalo hakuwafundisha watu ovyo. Tatizo lilikuwa baba yake. Mzee yule alikuwa ameishi Naivasha mjini miaka mingi akifanya kazi ya ulinzi, na mwaka ule alikuwa hapohapo.

Mzee naye hakufurahi, lakini alituma neno kwamba atakuja mara moja, atakula, watazungumza. Wanjiru akasema yake mbele yetu sote, machozi yakimtoka: hawezi kuingia katika nyumba ambayo mama wa nyumba hawezi kukaa meza moja na baba yake. Ouma akamgeukia mama yake.

"Mama, umesikia. Usipokaa na yeye, hakuna harusi."

"Nitampikia," alisema Mama Ouma. "Nitamnawisha mikono kama mgeni yeyote. Kuketi na yeye, hapana. Usiniombe tena."

Jumapili ile hoteli ilijaa kama kawaida. Meza ya pembeni inayoangalia ziwa tulikuwa tumeifuta mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Mzee alikuja na koti lake la kazi alilolipiga pasi, akavua kofia, akaiweka juu ya goti. Ouma aliketi mbele yake. Wanjiru hakuketi. Alikuja jikoni mbio, akanishika kiwiko.

"Mama, nisaidieni. Baba hajawahi kula samaki maisha yake. Hawezi kula kitu inamwangalia. Hiyo yake mtoe kichwa, na mifupa yote mtoe."

Nilimgeukia Mama Ouma nikingoja akatae. Alikuwa amewakatalia watalii, na wakubwa wenye magari, na padri mmoja pia. Hakukataa. Alichukua kisu mkononi mwangu, akamkata yule samaki kichwa kwa pigo moja, akamchana, akatoa uti, akampika vipande. Kichwa akakikaanga peke yake, akakifunika kwa sahani, akakiacha juu ya meza ya jikoni. Sikujua kama alifanya vile kwa kumhurumia msichana, au kwa kuwa alipata sababu nzuri ya kumnyima mzee heshima yake. Nadhani hata yeye hakujua. Uso wake ulikuwa umefungwa kabisa.

Alimpelekea mzee maji ya kunawa. Alimmiminia, mzee akasema asante mama, naye hakuitikia. Mimi nikaleta chakula: ugali, sukuma wiki, samaki mzima kwa Ouma, samaki mzima kwa Wanjiru aliyekuwa amerudi mezani, na vile vipande kwa mzee. Mama Ouma akasimama kando na jagi lake.

Mzee aliangalia sahani yake. Akaangalia ya Ouma. Akaangalia ya binti yake.

"Hii yangu, kichwa iko wapi?"

"Baba, ni mimi nilisema itolewe," Wanjiru alisema haraka. "Nilijua hautapenda."

"Sijauliza nani alisema. Nimeuliza iko wapi." Hakupaza sauti. "Kwetu tukichinja mbuzi, kila kipande iko na mwenyewe. Kuna ya wazee, kuna ya wamama, kuna ya watoto. Mtu akinyimwa yake, ameambiwa kitu. Sasa mimi hapa nimeambiwa nini?"

Ninawaambia ukweli, nilishangaa. Mtu ambaye hajawahi kula samaki aliisoma sahani ile vizuri kuliko wateja waliokula kwetu miaka. Binti yake alikuwa amejaribu kumkinga, na kwa kumkinga alikuwa amempa tusi ambalo wazee wa kwao na wazee wa kina Ouma wangelielewa kwa namna moja. Wanjiru alijishika mdomo.

Mama Ouma aliweka jagi chini. Akaenda jikoni, akarudi na ile sahani, akafunua kichwa mbele ya mzee.

"Kichwa ni ya mgeni wa heshima," alisema. "Nilikuwa bado sijajua kama wewe ni huyo."

"Basi niulize ujue."

Akamuuliza. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni, na nilikuwa kama mimi ndiye niliyeulizwa.

"Ile mwaka. Ulikuwa wapi?"

Mzee hakuuliza mwaka gani. Alitoa kofia gotini akaiweka kwenye kiti cha pembeni, akaiweka vizuri.

"Nilikuwa hapo mjini, kwa nyumba yangu. Jirani yangu alikuwa mtu wenu, fundi wa viatu. Viatu za huyu msichana ni yeye alikuwa anashona. Vijana walipoingia kwa ploti yetu, akakuja kwangu na watoto yake. Akagonga. Aliniita kwa jina."

Akainua mkono, vidole vimekunjwa kama vilivyoshika kitu.

"Sikufungua. Nilisimama nyuma ya mlango, nikashika komeo na mkono, hivi, ndiyo isifunguke. Bibi yangu, mama ya huyu, alikuwa ananiangalia. Jirani akagonga, akagonga, halafu akaacha."

"Alipona?"

"Sijui. Nilimtafuta baadaye kila mahali. Sijui, mama. Singekudanganya."

Wanjiru alikuwa mtoto mdogo siku ile, ndani ya nyumba ileile, na alikuwa hajawahi kuambiwa. Alimwangalia baba yake kama mtu aliyemkuta njiani. Ouma alikuwa ameinamisha kichwa. Hata radio mtu aliizima. Nyuma yangu samaki wa mteja alikuwa anaungua, nilisikia harufu yake kabisa, na katika maisha yangu yote ya kazi ndiyo mara moja niliyoacha samaki aungue nikijua.

Nilimwonea huruma mzee, na nilimwonea hasira pia. Sikujua nichukue ipi. Nilijiuliza mimi kule Njoro, mtu angegonga kwetu, mkono wangu ungefanya nini na komeo. Najiuliza mpaka leo.

"Kwa nini umeniambia?" Mama Ouma aliuliza. "Ungesema ulikuwa safari. Ungesema ulikuwa Nyahururu. Nani angejua?"

"Msichana wangu anataka kukuja kukaa kwa nyumba yako. Atakuita mama. Sitaki akuje akibeba uongo yangu."

Mama Ouma alisimama akiangalia dirishani, mahali ambapo mashua zilikuwa zimevutwa nchi kavu kwa sababu ya Jumapili. Nilidhani atamwambia aondoke, na kama angemwambia hakuna mtu mle ndani angemlaumu. Nilimwona akifunga ngumi ndani ya aproni, akaifungua, akaifunga tena. Mzee alingoja. Kisha akanyoosha mkono akakivuta kile kichwa karibu. Kilikuwa kinamwangalia. Alikishika, akavunja lile ganda gumu la shavuni, akalitia mdomoni lote, mfupa mtupu, akaanza kulitafuna kwa nguvu, machozi yakimshuka.

"Mzee," Mama Ouma alisema. "Hapana. Hiyo ni mfupa tu."

Mzee aliacha kutafuna. Akautoa ule mfupa, akaushika kiganjani kama hajui auweke wapi.

"Sijui naanzia wapi," alisema.

Mama Ouma alivuta kiti kilichokuwa na kofia. Akaichukua ile kofia, akampa Wanjiru aishike. Kisha akaniita bila kugeuka.

"Nyambura. Niletee maji ninawe."

Nilileta maji. Nilimwagia hata meza, na hakuna aliyenigombeza. Alinawa polepole, kidole baada ya kidole, akaketi kando ya mzee, akakigeuza kichwa, akatoa ile nyama nyeupe iliyo chini ya jicho, akamwekea mkononi.